Kilimia: Usiku Gani, Saa Ngapi, na Ukiwa Wapi

Miongozo mingi ya kutazama nyota iliyoandikwa Ulaya na Marekani inarudia ushauri mmoja kuhusu Kilimia, lile fungu dogo la nyota zilizobanana: kitazame Novemba. Kwa huko ushauri una mantiki, maana Novemba ndipo Kilimia huchomoza jua linapozama, kikafika juu kabisa katikati ya usiku na kutua kunapokucha. Lakini mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja akiufuata kama ulivyo, atakesha nje akingoja mawingu ya vuli yapasuke. Kwa pwani yetu na kwa Nairobi, jibu langu ni saa za mwanzo za usiku mwezi wa Januari na nusu ya kwanza ya Februari, kaskazi ikiwa imeshika, katika siku ambazo mwezi haujachomoza. Kwa Dodoma, Songea au Lubumbashi jibu ni jingine kabisa: Septemba, kuanzia saa saba usiku.

Tofauti hiyo inatokana na mambo matatu ambayo kila mmoja anaweza kuyapangia mwenyewe: jua liko wapi, mwezi una siku ngapi, na mvua za mahali pako zinanyesha lini. Ukiyajua hayo hutahitaji mwongozo wa mtu wa nchi nyingine.

Kwanza tukijue chenyewe. Kilimia ni fungunyota, yaani nyota zilizozaliwa pamoja katika wingu moja na bado zinasafiri pamoja. Zimo zaidi ya elfu moja, zina umri wa takribani miaka milioni 100, na ziko umbali wa miaka ya nuru kama 440. Kwa macho matupu tunaona chache tu, zilizobanana upande wa kaskazini, mfano wa upawa mdogo wenye mpini mfupi. Kwenye ramani na programu za nyota utakikuta kwa jina la M45, namba aliyokipa Mfaransa Charles Messier mwaka 1769. Kinatanda angani kiasi cha nyuzi 2, yaani upana wa miezi mipevu minne iliyopangwa safu. Ushike upana huo. Ndio utakaoamua darubini ipi ifae.

Hesabu ya jua

Kila nyota huchomoza mapema kuliko jana kwa dakika 3 na sekunde 56. Tuseme dakika nne. Kwa mwezi mmoja inakuwa saa mbili, na kwa mwaka inarudi pale pale. Kwa hiyo ukijua saa ya usiku mmoja, umejua saa za mwaka mzima.

Kila nyota ina anwani mbili angani. Ya kwanza huhesabiwa kwa saa, kuelekea mashariki, kuanzia 0 hadi 24. Ya pili huhesabiwa kwa nyuzi, kaskazini au kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Kilimia kipo saa 3 dakika 47, nyuzi 24 kaskazini. Kupata usiku ambao nyota inafika juu kabisa saa sita usiku, anza na 22 Septemba, usiku wa nyota za saa 0, kisha ongeza siku 15 na kidogo kwa kila saa ya anwani. Kwa Kilimia ni siku 57, nazo zinakufikisha 18 Novemba. Ukitaka kiwe juu kabisa saa mbili usiku badala ya saa sita, unarudisha saa nne nyuma, yaani unasogea siku 60 mbele: katikati ya Januari. Hesabu hii inafanya kazi kwa fungunyota lolote. IC 2602, ambalo wengi huliita Kilimia cha Kusini, lina anwani ya saa 10 dakika 43. Jaribu mwenyewe na utajikuta mwanzoni mwa Machi kwa saa sita usiku, na mwanzoni mwa Mei kwa saa mbili.

Hapo kuna kosa moja linalowapoteza wengi. "Saa sita usiku" ya hesabu hiyo ni ya jua la mahali ulipo, si ya saa ya ukutani. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, ambao unapita Somalia. Sisi wengine wote tuko magharibi yake, na kila nyuzi moja kwenda magharibi inachelewesha nyota kwa dakika nne. Mombasa inachelewa dakika 21, Dar es Salaam 23, Nairobi 33, Kampala 50, na Kigoma saa nzima na dakika moja. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi hutumia saa ya mstari wa 30, kwa hiyo kwao nyongeza ni ndogo: Kigali karibu sifuri, Bujumbura dakika 3, Lubumbashi 10. Muscat, kwa saa yake ya mstari wa 60, inachelewa dakika 6 hivi.

Tuchukue Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia 21 Novemba Kilimia kinachomoza saa 12:22 jioni, kinafika juu kabisa saa 6:12 usiku, na kinatua saa 12 na dakika chache asubuhi. Tarehe 20 Desemba kiko juu kabisa saa 4:14 usiku. Tarehe 20 Januari ni saa 2:12 usiku. Tarehe 20 Februari kimeshafika juu saa 12:10 jioni, jua likiwa bado halijazama, nawe unakikuta kinateremka. Upande wa pili wa mwaka, usiku wa kuamkia 21 Septemba kinachomoza saa 4:22 usiku na kufika juu saa 10:12. Aliye Kigoma aongeze dakika 38 kwenye saa hizi zote, wa Nairobi aongeze 10, na wa Mombasa apunguze 2.

Nimeandika "usiku wa kuamkia" kwa makusudi. Usemi huo wa Kiswahili unafuta utata unaoharibu mipango mingi. Mtu akikuambia "tukutane tarehe 20 saa nane usiku", nusu ya watu watakuja usiku wa kuamkia tarehe 20 na nusu usiku wa kuamkia 21. Programu kama Stellarium hubadilisha tarehe saa sita usiku na huonyesha 02:00 pale tunaposema saa nane, hivyo kosa la siku nzima huingia bila mtu kulitambua. Andika tarehe kwa mtindo wa kuamkia, na unaposoma programu toa au ongeza sita kabla ya kumtumia mtu ujumbe. Hakikisha pia kwamba programu imewekewa mji wako. Zikianza hutumia mji wowote, mara nyingi wa Ulaya.

Urefu juu ya upeo

Kuchomoza peke yake hakutoshi. Nyota iliyo chini inatazamwa kupitia hewa nyingi, vumbi, chumvi ya bahari na taa za mji. Ikiwa nyuzi 30 juu ya upeo, mwanga wake unapita hewa maradufu ya ile ya utosini. Ikiwa nyuzi 10, unapita zaidi ya mara tano. Mimi huweka mpaka kwenye nyuzi 30 na siulegezi ila kwa sababu maalumu. Ngumi yako, mkono ukiwa umenyooka mbele, ina upana wa nyuzi 10 hivi, kwa hiyo ngumi tatu zilizopandana kutoka upeo wa macho ndizo mpaka huo.

Kwa Dar es Salaam, Kilimia kinahitaji saa mbili na dakika 20 tangu kuchomoza hadi kupita ngumi tatu, na kinabaki juu ya hapo kwa saa saba: tatu na nusu kabla ya kilele, tatu na nusu baada yake. Sasa ziweke saa saba hizo juu ya giza lenyewe. Kwetu giza huingia upesi. Dakika 75 baada ya magharibi anga imeshakuwa nyeusi kabisa, wakati London mwezi wa Juni haifiki giza kamili usiku kucha. Tarehe 20 Januari jua la Dar es Salaam linazama saa 12:46, giza kamili ni saa 2 usiku, na Kilimia kinashuka chini ya nyuzi 30 saa 5:43. Una saa tatu na dakika 40 za kutazama, zinazoanzia kilimia kikiwa karibu kabisa na kilele, na kesho unaenda kazini ukiwa umeshapata usingizi. Tarehe 20 Februari zimebaki saa moja na dakika 40. Tarehe 10 Machi ni dakika 45, na hapo ndipo msimu unapofungwa.

Desemba ina saa nyingi kuliko Januari, karibu sita. Ndiyo maana miaka ambayo vuli imekatika mapema sitamzuia mtu kuanza Desemba.

Kuna jambo zuri hapa kwa wale walio na ndugu Uingereza. Dar es Salaam Kilimia kinapofika juu kabisa kiko nyuzi 59 juu ya upeo, upande wa kaskazini. London kiko nyuzi karibu 63, upande wa kusini. Urefu unakaribiana, lakini mmoja anakitazama akiwa amegeukia kaskazini na mwingine kusini, kwa hiyo picha moja imepinduliwa kwa nyingine. Kwetu mpini wa upawa, ilipo nyota iitwayo Atlas, uko mkono wa kulia na bakuli liko kushoto. Picha nyingi za vitabu zimechorwa kwa mtu wa kaskazini. Igeuze karatasi juu chini kabla ya kulinganisha. Aliye Muscat hana haja ya kugeukia popote, maana kwake Kilimia kinapita utosini kabisa, na shida yake ni shingo. Alale chali kwenye mkeka.

Kukipata ni rahisi. Jioni ya Januari tafuta mkanda wa Jabari, zile nyota tatu zilizopangana sawa ambazo kwetu huwa juu sana. Fuata mstari wake kuelekea kaskazini-magharibi ngumi mbili na kidogo: unakutana na nyota yenye wekundu, Dabarani. Endelea ngumi moja na nusu, ndipo Kilimia kilipo. Jina la Dabarani ni la Kiarabu na maana yake ni mfuasi, kwa kuwa huchomoza nyuma ya Kilimia. Kwa latitudo zetu ni kama dakika 45 baadaye.

Mwezi

Mwezi mpevu unafuta kila kitu isipokuwa nyota sita za kwanza. Wasomaji wengi wa Kiswahili wana kalenda nzuri ya jambo hili ukutani tayari: tarehe za Kiislamu. Siku ya 1 hadi ya 14, mwezi hutua takribani dakika 50 baada ya magharibi kwa kila siku ya umri wake. Wa siku nne hutua saa tatu na ushei baada ya jua. Baada ya kupevuka huchomoza dakika 50 baadaye kila usiku, hivyo usiku wa 20 unachomoza kama saa nne hivi baada ya magharibi. Kwa kipindi cha Januari, usiku wa 21 hadi mwisho wa mwezi unafaa mwanzo hadi mwisho, na siku tatu za kwanza zinafaa mwezi ukishatua. Kwa kipindi cha Septemba baada ya saa sita usiku ni tofauti: siku ya 1 hadi ya 7 mwezi umeshaondoka kabla hujaanza, na siku mbili tatu za mwisho unatoka ukiwa ukucha tu.

Zaidi ya hayo, mwezi hupita jirani na Kilimia kila siku 27 na theluthi, na umri wake siku hiyo unaweza kujulikana mapema. Novemba hukifikia ukiwa mpevu. Desemba ukiwa na siku 12 au 13, Januari siku 10, Februari siku 7 au 8, Machi siku 5, Aprili siku 2 au 3. Waarabu wa Ghuba wamehesabu majira ya baridi kwa mkutano huu tangu zamani; huuita qiran, na Kilimia wao ni Thurayya, jina ambalo kwetu wanapewa wasichana. Kwa mpangaji maana yake ni hii: usiku wa 10 wa mwezi mwandamo unaoangukia Januari usipange kutazama nyota hafifu za Kilimia, kwa kuwa mwezi utakuwa umekaa jirani yake.

Ila kuna wanaoutafuta mkutano huo huo. Kuanzia 2023 hadi 2029 njia ya mwezi inapita juu ya Kilimia chenyewe, na mara nyingine mwezi huzifunika nyota zake moja moja. Kama utaona nyota ikizimika au utaona mwezi ukipita pembeni tu, inategemea umesimama wapi duniani. Kagua kwenye programu kwa mji wako, si kwa mji wa mwandishi. Zuhura nayo hupita kati ya nyota za Kilimia kila baada ya miaka minane, mwanzoni mwa Aprili. Ilikuwa 2012, ikawa 2020, na itakuwa 2028. Itaonekana magharibi jioni, ngumi mbili juu ya upeo giza linapoingia, lakini ni masika, kwa hiyo tenga jioni tatu au nne mfululizo badala ya moja.

Mvua ya kwako

Hapa ndipo mwongozo wa kigeni unapoanguka kabisa, na ndipo ninapotaka mtu atumie muda mwingi kuliko kwenye programu yoyote.

Pwani, kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam, ina vuli Oktoba hadi Desemba na masika Machi hadi Mei. Katikati yake ni kaskazi: joto, upepo mkavu kiasi, na mawingu ya mchana ambayo mara nyingi hupotea jua likizama. Usikate tamaa kwa kuona anga imefunga saa kumi jioni. Nairobi inafuata mpangilio huo huo, lakini Juni hadi Agosti ina tabia yake: wingu la chini, la kijivu, linaloziba alfajiri hadi saa nne au tano asubuhi. Kwa Nairobi kipindi cha alfajiri cha Julai na Agosti sikitegemei. Kwa pwani kinafaa, ingawa kusi huleta vipande vya mawingu kutoka baharini.

Dodoma, Singida, Songea, Mtwara, na ng'ambo ya pili Lubumbashi, mvua ni moja: Novemba au Desemba hadi Aprili. Januari yao ni matope. Wao wapange Agosti hadi Oktoba. Usiku wa kuamkia 21 Septemba Kilimia kinavuka nyuzi 30 saa 6:41 usiku kwa saa za Dar es Salaam na giza linadumu hadi saa 11:05 alfajiri: saa nne na dakika 24 za anga kavu. Kikwazo cha huko ni moshi. Mashamba na nyika huchomwa kiangazi, na moshi hulala mabondeni usiku. Panda mlimani au mwinuko wowote ulio juu ya tabaka hilo. Mita mia moja tu hubadilisha anga. Rwanda na Burundi wana kiangazi kirefu Juni hadi Agosti na kifupi Januari na Februari, kwa hiyo wana nafasi mbili. Walio kandokando ya Ziwa Viktoria wajue kwamba radi za ziwani hupenda usiku na alfajiri.

Panga usiku watano kwa lengo la mmoja. Mpango wa usiku mmoja huharibika.

Usiku wenyewe

Chombo bora cha Kilimia ni darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za mbele za milimita 50. Uwanja wake ni nyuzi 6 hivi, Kilimia kizima kinaingia na nafasi inabaki. Mtu mwenye darubini kubwa mara nyingi huona kidogo zaidi, na sababu ni hesabu tu. Ukuzaji ni urefu wa fokasi ya darubini kugawanya kwa ule wa lenzi ya jicho. Darubini ya kawaida yenye kipenyo cha milimita 130 na fokasi ya milimita 650, ikiwekewa lenzi ya jicho ya milimita 25, inakuza mara 26. Lenzi hiyo ikiwa na uwanja wa nyuzi 52, unagawanya 52 kwa 26 unapata nyuzi 2. Inatosha, barabara. Ukiweka lenzi ya milimita 10 unakuza mara 65 na uwanja unashuka hadi nyuzi 0.8: utaona nyota tatu nne zilizotawanyika na utaapa umekosea mahali. Darubini ya fokasi ya milimita 1200 kwa lenzi ile ile ya 25 inakupa nyuzi 1 tu, nusu ya fungunyota. Kwa Kilimia anza na lenzi yenye namba kubwa uliyonayo na uishie hapo.

Sawazisha kitafutio, kile kidarubini kidogo cha kulengea, kukiwa bado na mwanga, kwa kulenga taa ya mnara wa simu ulio mbali. Kaa gizani dakika 20 hadi 30 bila kuangalia simu. Tochi ifunike kwa karatasi nyekundu inayopitisha mwanga, mikunjo miwili au mitatu, hadi uweze kusoma kwa shida.

Kisha hesabu kwa macho matupu. Katika kipimo cha mwangaza wa nyota, namba ndogo ndiyo nyota kali. Alcyone ni 2.9, Atlas 3.6, Electra 3.7, Maia 3.9, Merope 4.2, Taygeta 4.3. Hizo sita huonekana nje kidogo ya mji. Inayofuata ni Pleione, karibu 5.1, tena imebanwa na Atlas kiasi kwamba jicho huziona kama moja. Halafu Celaeno 5.5. Kutoka 4.3 kuna mruko hadi 5.1, na ndiyo sababu watu wengi huhesabu sita wakakwama. Ukifika nane kwa macho matupu, uko mahali pazuri sana na uparudie. Ukiishia nne, taa au ukungu vimekushinda; tumia darubini na usilaumu macho. Mwaka 1610 Galileo alichora nyota 36 za Kilimia kwa darubini yake ndogo, na 10x50 ya leo iliyotulia juu ya tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, inakupa zaidi ya hizo.

Tripodi si anasa. Mkononi, ukuzaji wa mara 10 hutetema na nyota hafifu zinapotea kwenye mtetemo. Kama huna, egemea ukuta au weka viwiko juu ya paa la gari.

Jambo gumu zaidi kwenye Kilimia ni ule ukungu unaozunguka Merope. Ni vumbi la wingu ambalo nyota hizi zinapita ndani yake kwa wakati huu, si mabaki ya kuzaliwa kwao, nalo linarudisha mwanga wao wa buluu. Wilhelm Tempel aliliona akiwa Venice mwaka 1859 kwa darubini ya kawaida. Linahitaji giza la kweli, mwezi usiwepo kabisa, na Kilimia kiwe zaidi ya nyuzi 45. Na hapa pwani linadanganya watu vibaya, kwa kuwa umande kwenye lenzi hutengeneza kitu kinachofanana nalo kabisa. Unatazama, unaona kila nyota imevaa shela, unafurahi. Kabla ya kuandika umeliona, geuza darubini hadi Dabarani. Dabarani haina wingu lolote. Ikiwa nayo imevaa shela, ulichokiona ni umande au mafuta ya kidole. Ikiwa Dabarani iko safi na Merope ina ukungu ulionyooka kwenda kusini, kama pumzi iliyobaki kwenye kioo na kuenea upande mmoja tu, hapo umeliona.

Umande unazuiwa kuliko unavyotibiwa. Zungushia mdomo wa darubini karatasi ngumu iliyopakwa rangi nyeusi, ndefu mara moja na nusu ya kipenyo chake. Usiitoe darubini kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuifungua nje papo hapo: unyevu wa hewa ya Dar es Salaam, Mombasa au Muscat utageuka matone kwenye kioo baridi mara moja. Iache nje ndani ya begi lililofungwa kwa saa nzima, ndipo ufungue. Lenzi ikishalowa usiifute. Pulizia kwa kipulizio cha mpira, kwa sababu chembe za chumvi na mchanga ndizo zinazokwaruza. Na mbu lazima wawepo: dawa ya kujipaka yenye DEET huyeyusha baadhi ya plastiki, hivyo jipake kabla ya kushika chombo na unawe vidole kwa sabuni.

Juni, alfajiri

Mwishoni mwa Aprili Kilimia kinazama ndani ya mwanga wa machweo, na karibu 20 Mei jua linapita chini yake kidogo. Mwezi na nusu hivi hakionekani. Kinaporudi ndipo wahenga walipokuwa wakikingoja: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Jina lenyewe linatokana na kulima, na Waxhosa na Wazulu kusini kabisa husema isiLimela kwa mzizi ule ule. Sehemu ya pili ya methali inalingana na pwani ya leo bila kusahihishwa: kinazama masika ikinyesha, kinazuka Juni kukiwa kumekauka. Ile ya kwanza naisoma kama tahadhari ya mwaka uliokwenda kombo, ambao masika yamechelewa. Mhimili wa dunia unayumba polepole, na tarehe ya kutoweka kwa Kilimia husogea mbele siku moja kwa kila miaka 71 hivi. Miaka elfu iliyopita ilikuwa wiki mbili mapema zaidi.

Kukiona siku ya kwanza kinaporudi ni kazi ya kupanga barabara, na hapa kanuni yangu ya nyuzi 30 naiweka kando. Dar es Salaam tarehe 10 Juni kinachomoza saa 11:07 alfajiri na jua linatoka saa 12:30. Tafuta ufuo ulio wazi kuelekea mashariki na kaskazini-mashariki. Kilimia kinatokea nyuzi 24 kaskazini mwa mashariki, bakuli la upawa likitangulia na mpini ukifuata. Saa 11:40 kiko nyuzi 7 au 8 tu, karibu ngumi moja isiyotimia, na alfajiri imeshaanza kupauka. Kwa 10x50 kinaonekana kama majivu yaliyomwagika kidogo, kisha nyota zinajitenga moja moja. Kwa macho matupu siku hiyo ni bahati; tarehe 15 kimepanda hadi nyuzi 12 kwa saa ile ile na wenye macho mazuri wanakipata. Nenda kila alfajiri kuanzia tarehe 8 na uandike saa ya kwanza uliyokiona, kwa darubini na kwa macho, pamoja na hali ya wingu baharini. Saa 12:15 funika lenzi, hata kama bado unaona kitu: Juni jua hutoka mahali pale pale ulipokuwa umeelekeza darubini.